Machi Utakula Nini?

Kama nyumbani kwako kuna kijana aliyenunua droni, kila Jumamosi anatoka na begi lake jeusi kwenda kupiga picha za harusi, na sasa ameanza kusema kwamba mwakani anaacha kazi ya ajira ili arushe droni muda wote, usimkatishe tamaa. Mwulize tu: Machi utakula nini?

Desemba kila mrushaji droni wa Dar es Salaam ni tajiri. Watu wamerudi likizo, kamati za harusi zimeshakusanya michango, kumbi za Sinza na Mwenge zimejaa. Ijumaa send-off, Jumamosi harusi, Jumapili mtu anataka nyumba yake mpya ya Goba ipigwe picha kutoka juu awatumie ndugu walioko Muscat. Mwajiriwa anayerusha wikiendi anakaa kitandani usiku anapiga hesabu: ikiwa siku mbili za wiki zinaniletea hiki, siku saba zitaniletea mara tatu na nusu. Hesabu imekaa vizuri, ila harusi hazifungwi Jumanne.

Halafu inakuja robo ya kwanza ya mwaka. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 ya mwezi huohuo. Mwaka 2026 zikaanza wiki moja tena, safari hii katikati ya Februari. Maana yake nini kwa mtu wa droni? Waislamu wamefunga, hakuna anayeoa. Wakatoliki wako kwenye Kwaresima, na Wakristo wengine wengi nao hawapendi shamrashamra kipindi hicho. Mwezi wa Shaaban ulikuwa umejaa hadi mtu anakataa kazi, kisha simu inanyamaza ghafla. Na kabla Idi na Pasaka hazijatua vizuri, masika yameingia Pwani, na droni nyingi za bei tunayoiweza hazitaki tone la maji.

Wengi walioacha ajira Januari wakiwa na furaha, Mei wamerudi kuomba kazi. Walikuwa wanajua kurusha, tena wengine ni hodari kuliko wanaoendelea na kazi hiyo leo. Kilichowaangusha ni kudhani kwamba kazi ya muda wote ni ileile ya Jumamosi, ila nyingi zaidi. Mimi nasema ni kazi nyingine, na mteja wake ni mtu mwingine.

Nitakupa mfano wa kijana mmoja wa Tabata ninayemfahamu. Alipata mwanya wa kwenda kwa kontrakta wa barabara, mzee mmoja mwenye sauti nzito, akamwonyesha video: jua linazama, greda linatembea, vumbi la dhahabu, muziki chini. Kazi nzuri kweli. Mzee akaitazama hadi mwisho, akarudisha simu.

"Kijana, umepiga vizuri. Lakini hicho kifusi pale nyuma ni mita ngapi za ujazo?"

"Sijui, mzee."

"Basi siku ukijua, uje."

Jibu hilo ni la thamani kuliko kozi nyingi za ujasiriamali. Bibi harusi anataka kumbukumbu, atakulipa mara moja, na Mungu akijalia hatakuita tena kwa shughuli ileile. Kontrakta anataka hesabu. Kifusi alicholetewa mwezi huu ni kingi kama risiti za malori zinavyosema, au kuna lori limepita getini mara mbili kwenye karatasi na mara moja barabarani? Anahitaji kulijua hilo Machi, atahitaji Aprili, na atahitaji tena Mei. Mwenye machimbo ya kokoto kule Lugoba anahitaji kujua rundo lake limebaki kiasi gani kila mwisho wa mwezi. Kabla ya droni, mtu alipanda juu ya rundo na vipimo vyake, akiteleza, akakadiria.

Sasa tuione kazi yenyewe, maana ukiiona utaelewa kwa nini haifanani na harusi. Unafika saa mbili asubuhi kabla upepo wa bahari haujakaza. Unaweka alama chini, misalaba iliyopakwa rangi nyeupe, pembeni na katikati ya eneo. Kila msalaba unapimwa kwa GPS ya wapima ardhi, ile ya kwenye fimbo, ambayo inakosea sentimita chache tu, wakati ya simu yako inaweza kukosea mita kadhaa. Kisha unaichorea droni njia kwenye programu, nayo inapanda mita 80 au 100 na kwenda kwa mistari sambamba, ikipiga picha kila baada ya sekunde chache, kila picha ikirudia takriban robo tatu ya ile iliyotangulia. Kutoka mita 100, kamera nzuri ya droni inatoa picha ambayo kila nukta yake inabeba karibu sentimita 3 za ardhi. Wewe rubani umesimama, macho juu, vidole karibu havina kazi. Anayekutazama kwa mbali anadhani unalipwa bure.

Kazi inakuja usiku. Picha mia kadhaa zinaingia kwenye kompyuta, na programu inazilinganisha moja moja, ikitafuta jiwe lilelile linavyoonekana kutoka pembe tofauti, hadi ijenge umbo la rundo zima na kukupa mita za ujazo. Zipo programu za kulipia, na ipo OpenDroneMap ambayo ni ya bure. Kompyuta inachemka, feni inalia, na umeme ukikatika saa nane za usiku wakati huna betri ya akiba, unaanza upya. Asubuhi unapeleka ukurasa mmoja wenye namba. Hauna muziki wala machweo, na mzee anausoma mara mbili.

Kwamba kazi hii inawezekana kwetu halina ubishi. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza 2015, wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wakachora mitaa, mitaro na nyumba za maeneo yanayofurika, na picha za droni zikawa sehemu ya kazi hiyo. Zanzibar, mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia ilianza kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni nyepesi za mabawa, zinazorushwa kwa mkono, na wanafunzi wa chuo hicho wakawa miongoni mwa marubani. Visiwa vizima! Malawi nako, Januari 2020, UNICEF ilifungua chuo cha droni na takwimu mjini Lilongwe.

Lakini nina neno kuhusu habari hizi. Mradi una mwanzo na mwisho, na mwisho wake haukuulizi kodi ya nyumba umeshalipa. Ukijifunza kwenye mradi, shukuru. Usijenge maisha juu yake. Vilevile kila nikizungumza na vijana kuhusu droni, mmoja ananitajia Rwanda na zile ndege za Zipline zilizoanza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga Oktoba 2016. Ni jambo kubwa na limeokoa watu. Ila zile ndege zinajirusha zenyewe kwa kompyuta, na walio pale wameajiriwa na kampuni. Mtu anayetaka kujitegemea na begi lake moja hapati njia yake kule.

Njia yake iko karibu zaidi. Kiwanda kina paa la bati kubwa kama uwanja wa mpira, na fundi akipanda kulikagua anaweza kutumbukia. Februari, kabla ya masika, meneja angependa kuona misumari iliyolegea na mifereji iliyoziba. Mvua zikishapiga, wenye maghala kando ya bonde la Msimbazi wanahitaji picha za mafuriko zenye tarehe kwa ajili ya bima. Mwenye shamba la miwa anataka kujua ni pembe gani imekauka. Mwenye minara ya simu hataki mtu apande kila mara kutazama nati moja. Kazi kama hizi zinakuja kavu na masika, Ramadhani na Kwaresima, na nyingi zinakuja Jumanne.

Nikisema ramani, nimwonye anayesikiliza haraka haraka. Picha ya shamba yenye vipimo ya kumsaidia mwenye shamba kupanga kazi zake unaweza kuiuza. Mipaka ya kiwanja kwa ajili ya hati ni kazi ya mpima ardhi aliyesajiliwa, na droni yako haikufanyi kuwa yeye. Watu wa busara wanaungana naye: wewe unarusha, yeye anapima na kutia saini, mnagawana. Nimeona ushirikiano wa namna hiyo ukilisha nyumba mbili bila kelele.

Sheria nayo. Tanzania ina kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2018 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Droni inasajiliwa, kuna vibali, na upande wa ulinzi na usalama una neno lake. Kenya, Kanuni za 2020 chini ya mamlaka yake ya anga, KCAA, zinamtaka anayefanya biashara awe na cheti cha uendeshaji, si leseni ya kurusha peke yake. Hifadhi za taifa ni habari ya pekee: usidhani umelipa kiingilio cha Serengeti basi unaweza kumrushia simba kamera. Na hapa mjini fikiria ramani yenyewe ilivyo. Uwanja wa ndege uko Kipawa, kambi ya Lugalo haiko mbali na kumbi za Mwenge, Ikulu iko Magogoni karibu na hoteli ambazo maharusi wanapenda kupigia picha. Mtu wa harusi anakupigia Alhamisi jioni anataka Jumamosi, ukimwambia kibali kinachukua muda anakuona mzembe, anamchukua asiyeuliza. Kontrakta eneo lake linajulikana mwaka mzima. Unaomba kibali mapema, kwa utulivu, na barua yake unayo mkononi. Sitaficha kwamba wengi wamerusha Jumamosi nyingi bila karatasi. Ukiwa na ajira, siku ukikamatwa unapoteza droni. Ukiwa huna kingine, unapoteza kazi yote.

Mafundi wa picha za harusi wananisikia na wanachukia, nawajua. Siwadharau. Ila tuseme ukweli wa soko. Tangu kampuni ya DJI ya Shenzhen ilipotoa Phantom mwaka 2013, kurusha kamera kumekuwa rahisi kila mwaka, na leo ipo droni ya chini ya gramu 250 inayoingia mfuko wa koti na kujituliza yenyewe hewani. Kila mpiga video anayo. Droni iliyokuwa kivutio cha shughuli sasa MC haitangazi tena. Bei imeshuka hadi wengine wanaiweka bure ndani ya kifurushi cha video na albamu.

Kwenye bei ndiko ninakotaka tukae kidogo. Tuseme umenunua droni ya kazi na betri za ziada kwa shilingi milioni 6. Tuseme itakutumikia miaka miwili kabla haijazeeka, haijagonga nguzo, au haijapitwa na mahitaji ya wateja. Hiyo ni shilingi 250,000 kila mwezi, uruke usiruke. Betri boksi lake linaandika dakika 30 na zaidi. Kazini wewe hesabu 20, kwa sababu kuna upepo na kwa sababu mtu mwenye akili anatua ikiwa imebaki robo. Betri hiyohiyo inachajiwa mara mia kadhaa na kuanza kuchoka, na joto la Dar, ukiisahau kwenye gari, linaizeesha haraka. Hewa ya chumvi inakula mota. Anayetoza harusi shilingi 200,000 na kuzihesabu zote kuwa faida yuko kama mwenye bodaboda anayekula hela ya tairi: anashiba hadi siku ya pancha. Alipokuwa na mshahara, mshahara ndio uliokuwa ukinunua betri, naye hakujua.

Ngoja nitoke nje ya hesabu kidogo, maana kuna watu ambao kozi haziwataji. Kunguru. Wale wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar karne ya 19 na sasa wameitawala Pwani nzima. Wakati wa kutaga, droni ikikatiza karibu na mwembe wao wanatoka wanne, watano, wanaizunguka wakipiga kelele. Mwewe ni mbaya zaidi, anashuka kwa kucha. Mgeni wa kazi anashtuka na kuvuta droni chini, na huko chini ndiko ndege wanakoshambulia vizuri. Mzoefu anaipandisha wima kwa kasi, kwa kuwa ndege hao hawapendi kupanda moja kwa moja, kisha anaiondoa eneo hilo. Unaposikia mtu anajiita rubani, mwulize kuhusu kunguru. Atakayecheka kwanza kabla ya kujibu, huyo ameruka.

Na kuna ua. Nyumba za Waswahili zina ua ili wanawake wakae kwa raha yao, kichwa wazi, wakifua, wakisukana. Ukuta umejengwa kwa sababu hiyo. Droni inakuja juu yake ikivuma, inasimama, hakuna anayejua imeona nini. Mama mmoja mtu mzima wa Ng'ambo, Unguja, alimwita mrushaji akamwambia, "Mwanangu, ukitaka kuingia kwetu, piga hodi mlangoni." Kijana akasema, "Nisamehe, bibi," akashusha mitambo. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya inayo ya 2019, lakini bibi yule hakuhitaji kifungu. Anayetaka kuishi kwa kazi hii anapita mtaani siku moja kabla, anatoa salamu, anamwona mjumbe, anaeleza atarusha saa ngapi na kwa nini. Nusu saa ya shikamoo inaokoa asubuhi nzima ya ugomvi.

Turudi kwenye fedha. Mteja wa Jumanne ana ugonjwa wake: anachelewa kulipa. Harusi unalipwa kianzio, na iliyobaki unaichukua kwa mwenyekiti wa kamati usiku uleule kabla hajaondoka. Kampuni inataka ankara, TIN, jina la biashara lililosajiliwa BRELA, risiti ya EFD, kisha inakata kodi ya zuio asilimia 5, kisha inakwambia malipo ni baada ya siku 60. Siku 60 zinakuwa 90. Mhasibu yuko safarini, aliyetakiwa kutia saini anauguza. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kazi tele Machi na bado akakosa nauli. Wanaofanikiwa niliowaona hawakuacha harusi mara moja. Walizigeuza kuwa fedha ya kusubiria malipo ya kontrakta. Na kwa kontrakta walidai nusu mbele kwa kazi ya kwanza, bila aibu, kwa sababu bila hiyo nusu hata mafuta ya kufika eneo la kazi unamkopesha yeye.

Lini basi mtu aache ajira? Mimi sitazami akiba peke yake, ingawa miezi sita ya matumizi ya nyumbani mtu awe nayo. Natazama kama ana wateja wawili au watatu waliomwita mara ya tatu bila yeye kuwapigia. Wateja hao anaweza kuwatafuta akiwa bado kazini: siku za likizo za mwaka azitumie Jumanne na Jumatano kwenye maeneo ya ujenzi. Afanye mwezi mmoja wa namna hiyo kati ya Februari na Aprili, si Desemba. Na mwenzake wa nyumbani azione namba hizo, maana mkopo wa kompyuta mpya utalipwa na wote.

Kuna mwalimu wa Jiografia huko Bagamoyo, naye anarusha vizuri kuliko wengi wanaojitangaza. Ana wapima ardhi wawili anaofanya nao kazi Jumamosi na wakati wa likizo za shule. Nilimwuliza mbona haachi ualimu. Akaniambia Kidato cha Tatu wanasoma ramani, na mwaka huu kwa mara ya kwanza darasa zima limeelewa kontua, kwa sababu amewaonyesha kilima wanachokijua kwa miguu yao kikiwa kimepigwa picha kutoka juu. Nikamwuliza tena habari ya pesa. Akanitajia bei anayotoza kwa siku moja ya Jumamosi, nikaacha kuuliza.